Leso Mbili na Utepe: Nani Alitupimia Sidiria?

Mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu likizo ya Desemba, yuko kidato cha pili, na siku ya tatu akaniambia, huku anaosha vyombo na macho yake yako kwenye sufuria, kwamba ameacha netiboli. Nilishangaa. Huyu ni mtoto aliyekuwa akirudi nyumbani magoti yamechubuka na bado anacheka. Nikauliza kwa nini. "Basi tu, shangazi."

Hiyo "basi tu" naifahamu, maana niliwahi kuisema mwenyewe. Jioni alipofua na kuanika nguo zake, nikaiona sababu inaning'inia kambani: sidiria nyeusi, lastiki imechoka, kamba moja ya begani imeshikizwa kwa pini, na lebo inasomeka 38B. Msichana mwenyewe mwembamba kama mwanzi. Nani alikununulia? Mama. Mama alisemaje? "Alisema nitakua."

Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia. Yangu ya kwanza, mwaka ule ambao fomu ya kujiunga na bweni iliorodhesha sidiria baina ya shuka na ndoo, ilikuwa 36C, na ilikuja na maneno hayo hayo. Kwa miaka minne nilitembea nimekunja mabega mbele ili kitambaa kilichobaki kisionekane kimebonyea chini ya shati. Riadha niliacha. Na linaloniuma hadi leo ni kwamba niliamini kosa liko kifuani kwangu. Namba imeandikwa kiwandani. Mie nani wa kubishana nayo?

Hapa tumezoea kuzungumza vitabu, najua. Lakini kwenye historia ya sidiria nilifikishwa na mshairi, kwa hiyo nivumilieni.

Mshairi mwenyewe ni Hart Crane. Kitabu chake The Bridge kilitolewa kwanza Paris mwaka 1930, na kampuni ndogo ya uchapishaji iliyoitwa Black Sun Press. Wenye kampuni walikuwa mke na mume, Wamarekani wenye fedha na wenye vituko, Harry na Caresse Crosby. Walichapa vitabu vizuri mno, karatasi nzito, wino mzito, nakala chache. Walichapa D. H. Lawrence. Mwaka 1929 walichapa vipande vya kazi ambayo James Joyce alikuwa bado anaihangaikia, ile ambayo baadaye ingekuwa Finnegans Wake. Desemba ya mwaka huo huo Harry alijiua New York, na Caresse akaendelea na kazi ya uchapishaji peke yake.

Nilikuwa nasoma habari zake kwa sababu ya Crane. Ndipo nikakuta sentensi moja, imetupwa tu katikati kama jambo dogo, kwamba kabla ya kuitwa Caresse mama huyu aliitwa Mary Phelps Jacob, na kwamba tarehe 3 Novemba 1914 serikali ya Marekani ilimpa hataza ya sidiria.

Habari ni kama ifuatavyo. Mwaka 1910, akiwa na miaka 19, Mary alikuwa anajiandaa kwenda kwenye dansi ya watoto wa matajiri. Chini ya gauni jepesi alitakiwa avae koseti, lile vazi la kubana kiwiliwili lililotiwa vijiti vigumu vya mfupa wa nyangumi. Vijiti vilichomoza. Vilionekana kupitia kitambaa. Basi akamwita mtumishi wake, akamwambia alete leso mbili za hariri, utepe, sindano na uzi. Wakaunga leso mbili, wakatia utepe, akavaa, akaenda kucheza. Wenzake wakamzunguka kumuuliza anawezaje kujipinda vile. Baadaye akapeleka ombi la hataza, akajaribu biashara kidogo, akachoka, akauza haki zake kwa kampuni ya koseti ya Warner Brothers ya Connecticut kwa dola 1,500.

Si yeye wa kwanza, tuseme ukweli. Herminie Cadolle wa Ufaransa alishaigawa koseti vipande viwili mwaka 1889, na Mmarekani Marie Tucek alipata hataza mwaka 1893 ya kitu chenye mifuko miwili tofauti na kamba za begani, ambacho leo ungekitambua bila kuuliza. Lakini wa Mary ndio uliouzika, na maelezo ya hataza yake yana jambo ambalo nimelisoma mara tatu. Vazi lile halikuwa na saizi. Ncha zake zilizungushwa mwilini na kufungwa mbele. Mwenyewe aliandika kwamba linawafaa wanawake wa maumbo tofauti, na kwamba linashika vizuri kiasi cha kuvaliwa hata na mtu anayefanya mazoezi ya nguvu kama tenisi.

Yaani lilifungwa. Kama kanga.

Na hapa ndipo mtu wa pwani anapoachia tabasamu, kwa sababu sisi nasi tuna hadithi yetu ya leso. Inasimuliwa Mombasa na Zanzibar kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake walichoka kununua leso moja moja, zile za mraba zilizoletwa na wafanyabiashara na ambazo jina lake lilitoka kwa Wareno. Zilikuwa zinakuja zimeungana kwenye jora, zinakatwa dukani. Wakaanza kununua sita bila kuzitenganisha, wakazikata tatu tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu, wakapata kipande kimoja kikubwa cha kujifunga. Kanga ikazaliwa. Mombasa hadi leo wanaiita leso. Hiyo nayo haina saizi. Mwanamke mnene na mwembamba wananunua doti ile ile. Mmoja anazungusha mara moja na nusu, mwingine mara mbili, anakunja ncha kifuani, anakwenda zake. Ukinenepa, kanga inajua. Ukijifungua, inajua.

Bibi zetu hawakuwa na namba ya mwili. Vipimo walikuwa navyo, lakini vilitoka mwilini na kwenda kwenye kitambaa: shibiri ni kiganja kilichotanuliwa, dhiraa ni kiwiko hadi ncha ya kidole, pima ni mikono miwili iliyonyooshwa. Nguo ya kukata na kushona, kama kanzu, ilipimwa kwa mtu anayeivaa. Hata neno lenyewe sidiria ni la kifua tu. Limetoka kwenye Kiarabu, sadr, na halisemi kifua kikubwa au kidogo. Wazee wengine walisema kanchiri. Somo aliyemfunda mwari alimfundisha mengi juu ya mwili wake, mengine siwezi kuyaandika hapa, lakini hakumwambia wewe ni namba ngapi, kwa sababu swali hilo halikuwepo.

Swali lililetwa na nguo iliyoshonwa kabla mvaaji hajajulikana. Ukishona kumi elfu kiwandani lazima ukisie vifua vya watu usiowaona. Kukisia huko ndiko kunakoitwa saizi.

Miaka ya 1920, New York, mtindo ulikuwa kifua bapa. Wasichana walijifunga kitambaa kinachobana kama taulo ili waonekane kama wavulana. Moja ya bidhaa hizo iliitwa Boyish Form. Enid Bissett na Ida Rosenthal, huyu wa pili akiwa mhamiaji kutoka nchi ambayo sasa ni Belarus, walikuwa na duka la magauni na waliona magauni yao hayakai vizuri juu ya vifua vilivyopondwa. Wakashonea ndani ya gauni kipande chenye mifuko miwili. Kwanza walikitoa bure pamoja na gauni. Wateja wakaanza kurudi kutaka kile cha ndani peke yake. Wakakiita Maiden Form, kinyume cha kile cha kivulana, na mume wa Ida, William, akashika kazi ya kukibuni na kukigawa kwa maumbo. Napenda sana sehemu hii. Ni mafundi cherehani wawili waliokataa kuulaumu mwili wa mteja wakati nguo ndiyo iliyokuwa na shida.

Herufi zilikuja mwaka 1932. Kampuni ya S. H. Camp, iliyokuwa ikitengeneza mikanda ya kitabibu ya kushikilia viungo, ilichukua herufi nne, A hadi D, ikazipa maziwa ya wanawake. Februari 1933 tangazo lao lilitokea kwenye jarida la wafanyabiashara wa koseti na nguo za ndani, na michoro ya wanawake wa ubavuni, kila mchoro na herufi yake. Sasa sikiliza: herufi hizo hazikupima ukubwa peke yake. Zilipima pia kiasi cha kuning'inia. Yaani A hadi D ilikuwa ngazi, na unajua mwenyewe ngazi ile ilipangwa ili nani awe juu. Warner, walewale walionunua leso mbili za Mary, walianza kutangaza herufi za vikombe mwaka 1937. Uingereza ilichelewa zaidi.

Tangu hapo kila mwanamke ana jina la pili, namba na herufi, analonong'ona kwa muuzaji kama siri ya benki. Wengi wetu hatujui hata linasema nini. Namba ni mzunguko wa mbavu chini ya maziwa. Herufi ni tofauti kati ya mzunguko huo na ule wa kifua penyewe pakubwa: inchi moja A, mbili B, tatu C, nne D. Ndiyo maana hakuna kitu kinachoitwa "kikombe C" peke yake. C ya 32 ni ndogo kuliko C ya 38, tena kwa mbali. Kikombe cha 34C kinabeba sawasawa na cha 36B na cha 32D; kinachobadilika ni mkanda tu. Mwanamke anayesema kwa fahari au kwa aibu kwamba yeye ni D amekwambia nusu ya habari.

Kisha kuna suala la nani alipimwa. Mwaka 1939 na 1940 Idara ya Kilimo ya Marekani, ambayo ndiyo iliyoshughulikia pia mambo ya nyumbani, iliwatuma wapimaji wakiongozwa na Ruth O'Brien na William Shelton wakapime wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59. Mpaka unene wa kiwiko. Lengo lilikuwa zuri: watengenezaji walikuwa wakipoteza fedha kwa nguo zinazorudishwa, na kila kiwanda kilikuwa na namba zake. Ripoti ilitoka mwaka 1941. Lakini waliopimwa walijitolea kwa malipo kidogo, kwa hiyo walijaa wale ambao malipo kidogo yaliwafaa, na miaka ile ya ufukara hao walikuwa watu ambao hawakula vya kutosha. Wanawake wasio weupe walipokuja walipimwa, kisha vipimo vyao vikawekwa kando. Kutokana na kazi ile, baada ya marekebisho, serikali ilitangaza mwaka 1958 kiwango cha saizi za nguo za wanawake. Mwaka 1983 ikakifuta, kwa kuwa viwanda vilishaanza kufanya vinavyotaka, na saizi ikawa jambo la kumbembeleza mteja.

Kiwango kile kilihusu zaidi magauni na sketi kuliko sidiria. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha namba inatoka wapi kabla haijafika kwenye lebo. Inatoka chumba fulani, mwaka fulani, kwa watu fulani waliosimama na futi kamba wakaamua nani aandikwe na nani asiandikwe. Nilipokuwa bwenini nikikunja mabega kwa sababu sikuijaza 36C, nilikuwa nashindwa mtihani uliotungwa na watu ambao hawakunifikiria hata kidogo.

Lakini nisijidanganye. Ukibishana na historia hii ukiwa umevaa sidiria isiyokutosha, jioni bado mgongo unauma.

Mtasikia pia ile takwimu maarufu, kwamba asilimia 80 ya wanawake huvaa saizi isiyo yao. Imeandikwa kila mahali, aghalabu na watu wanaouza sidiria. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2008 wenye namba hiyo: asilimia 80, ambapo 70 walivaa ndogo na 10 kubwa. Waliopimwa walikuwa wanawake 30, wa miaka 18 hadi 26. Thelathini! Wanaenea kwenye daladala moja na nafasi inabaki. Utafiti wenyewe ulikuwa wa maumivu ya mgongo na haukudai zaidi ya ulichopima. Ni sisi tuliouvalisha dunia nzima. Namba iliyokatwa kwa mwili mmoja na kuvalishwa mwili mwingine: ni hadithi ile ile tena.

Hadithi ya chupi ni fupi zaidi, maana nyonga hazihitaji herufi. Hata ya wanaume nzuri kuisimulia ni moja tu, ile ya tarehe 19 Januari 1935, siku ya dhoruba ya theluji Chicago, duka la Marshall Field's lilipoweka dirishani chupi za kubana za kampuni ya Coopers, zilizopewa jina la Jockey. Wenye duka walitaka kuziondoa, nani atanunua kichupi kifupi katikati ya baridi ile. Kabla ya adhuhuri zilikuwa zimeuzwa 600. Wanaume waliondoka zao na tatizo limekwisha. Sisi tulibaki na hesabu.

Hapa kwetu hesabu inafanywa barabarani. Kariakoo sidiria zimetundikwa kwenye miavuli na kutandazwa juu ya turubai, nyingi zikitoka China, na lebo ina namba mbili kama sehemu ya hesabu: 34/75, 36/80. Watu wengi hudhani ni bei au ni chaguo. Ni kitu kimoja kimeandikwa mara mbili, kwa inchi za Kiingereza na kwa sentimita za Ulaya. Herufi mara nyingi ni B, ya kila mtu. Chumba cha kujaribia hakuna. Suruali tuna ujanja wetu: unazungusha kiuno chake shingoni, ncha zikikutana, itakutosha, na kwa kweli hufanya kazi. Sidiria haina ujanja huo. Unainyoosha juu ya blauzi yako mbele ya kijana wa umri wa mdogo wako, naye anakutazama kifuani kwa utaalamu na kutoa hukumu. "Dada, chukua hii, inavutika."

Mitumba ndiyo iliyotuvalisha wengi wetu. Shirika la Viwango, TBS, limekataza kuingiza nguo za ndani zilizovaliwa, kwa sababu za afya. Zimbabwe nayo ilipiga marufuku mwishoni mwa 2011, na Ghana ina sheria ya namna hiyo tangu 1994. Bado mtaani utazikuta, chini ya rundo la fulana. Nasema jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda: namwelewa anayenunua. Sidhani ni suala la bei peke yake. Kwenye rundo lile mwanamke mwenye kifua kikubwa na mbavu nyembamba hupata 34E iliyoshonwa vizuri, wakati kwenye turubai la vitu vipya ataambiwa achukue 40B. Marufuku imesema asivae nini. Cha kuvaa bado hajapewa.

Basi. Siku iliyofuata nilimwita yule binti chumbani, nikafunga mlango, nikatoa futi kamba iliyokuwa ya mama yangu, ya njano, namba zimefutika hadi kwenye 4. Nilikuwa na haya kuliko yeye. Akavua shati, akabaki na fulana nyepesi, akasimama kama askari. Nikamwambia apumue, asibane tumbo, ateremshe mikono.

Chini ya maziwa, kamba ikiwa imelala sawa mgongoni na imekaza kidogo: inchi 29. Juu yake, bila kubana: 32.

Kwanza nikamfanyia ile hesabu ya zamani iliyotumika miongo mingi Marekani, ambayo bado imeandikwa nyuma ya pakiti nyingine: chukua kipimo cha chini, ongeza inchi 4, kikitoka namba witiri ongeza 5. Ishirini na tisa na tano, 34. Itoe kwenye kifua, 32. Inatoka hasi mbili. Kwa mujibu wa hesabu hiyo mtoto ana kikombe kidogo kuliko kutokuwepo. Tulitazamana. Akaanza kucheka, na mie nikacheka, tukacheka mpaka mume wangu akagonga mlango kuuliza kuna nini.

Kisha tukafanya ya sasa: kipimo cha chini kipeleke kwenye namba shufwa iliyo karibu, 30. Kifua 32. Tofauti mbili, B. Wewe ni 30B, nikamwambia. Akauliza, "Siyo 38?" Nikamwambia ile 38 ilitengenezwa kwa mwanamke mwenye mbavu za inchi tisa zaidi ya zako. Akakaa kimya, halafu akasema, polepole, "Kwa hiyo haikuwa mimi." Sikumjibu upesi kwa sababu sikuweza.

Kariakoo 30 hatukuipata. Tulizunguka tangu saa tatu mpaka adhuhuri. Tukaenda kwa jirani yake, 32A, ambayo kikombe chake ni kile kile na mkanda unazidi kidogo. Nilimwonyesha mambo ambayo mie niliyajua nimeshafika miaka 30 na kitu: kwamba mkanda ndio unaobeba, kamba za begani zinasaidia tu, kwa hiyo ukiona alama nyekundu mabegani mkanda umelegea, kwamba mgongoni ukae sawa na mbele, usipande, kwamba vidole viwili vipite chini yake na ngumi isipite, kwamba ukiwa mpya ufunge ndoano ya nje kabisa, ili lastiki ikianza kuchoka uwe na pa kusogea. Lakini kwa vile tulichukua mkanda wa jirani tulilazimika kuanzia ndoano ya ndani, na niliona itakaa mwaka mmoja, si zaidi. Muuzaji alikuwa mama mtu mzima, ametandaza karibu na ukuta. Alipotuona na futi kamba akasema, "Haya, leo nimepata mafundi," kisha akashika kanga yake, akainyoosha kwa mikono miwili, tukasimama nyuma yake binti akajaribia juu ya fulana.

Pale pale nikamsimulia ile ya michezo. Mwaka 1977, Vermont, Lisa Lindahl alikuwa anakimbia kila siku na kila siku anaumia kifua. Siku moja mumewe, kwa mzaha, alichukua kile kikingio ambacho wanaume wanamichezo huvaa chini kushikilia sehemu zao, akakivaa kifuani. Lisa hakuona mzaha. Rafiki yake Polly Smith alikuwa akishona mavazi ya jukwaani kwa tamasha la Shakespeare, akisaidiwa na Hinda Miller. Wakachukua vikingio viwili, wakavikata, wakaviunga, na sidiria ya michezo ikapatikana. Mbili tena, sindano na uzi tena. Binti alipenda zaidi sehemu ya mume. Na mie sikumwambia kwamba Uingereza waliwahi kuwauliza wasichana wa shule 2,089, utafiti ukachapishwa 2016, na asilimia 46 wakasema maziwa yao yanawaathiri kwenye kushiriki michezo. Nilitaka kumwambia, ili ajue hayuko peke yake. Halafu nikaona siku ile inatosha bila namba nyingine.

Kuna kisa kimoja cha Caresse Crosby ambacho hukirudia kichwani. Kitabu cha Joyce kilipokuwa mtamboni, mchapaji aliona ukurasa wa mwisho umebakiwa na mistari miwili tu, unaonekana vibaya. Akamwomba Caresse amwambie mwandishi aongeze mistari minane. Caresse akakataa katakata. Mwandishi mkubwa hukatiwi kazi yake ili itoshe karatasi, karatasi ndiyo itafute namna. Mchapaji akaenda kwa Joyce kwa siri. Joyce akampa mistari minane papo hapo, akasema alikuwa anataka kuongeza tangu mwanzo ila alimwogopa yule mama.

Tulinunua mbili, nyeusi na rangi ya maziwa, na moja ya michezo ya kuvuta kichwani isiyo na namba, S tu. Aliporudi kwao mamake alinipigia simu kushukuru, na kulalamika kidogo. Sidiria 32A, wifi, huyu mtoto si anakua? Nikamwambia akikua tutampima tena, kamba ipo. Akanyamaza. Kisha akasema ile nyeusi ya 38 ameifua vizuri na kuiweka kwenye sanduku, maana kuna yule mdogo anayemfuatia.